Filta ya oili iliyotaka kunifungulisha injini bure

Sekunde nane. Hesabu taratibu mpaka nane, huku injini inagonga kama debe la misumari na taa nyekundu ya oili bado inawaka. Kila asubuhi hali ilikuwa hiyo tangu nifunge filta hii. Kabla yake taa ilikuwa inazimika kwa sekunde mbili. Oili ni ya daraja lilelile, kipimo kwenye kijiti ni kilekile. Kilichobadilika ni filta tu.

Nikairudisha dukani. Muuzaji hakuigusa hata kidogo. Aliuliza gari ni la mwaka gani, akanikata kauli: "Hilo beringi zimekwisha, kafungue injini." Hajaisikia ikiwaka, hajaona geji, hajauliza taa inakawia ikiwa ya baridi au ya moto. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu kuna mtu atamwamini na kuivunja injini nzima isiyo na kosa.

Beringi (vyuma vinavyobeba shafti inayozunguka ndani ya injini) zikilika haziumwi hivyo. Oili ikiwa baridi ni nzito, kwa hiyo hata beringi zilizolegea hushika presha asubuhi. Aibu yao huonekana injini ikishapata moto na kuachwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: oili imekuwa nyepesi, inapenya kwenye nafasi, taa inaanza kupepesa. Mimi nina kinyume chake. Nilifungua swichi ya presha, ile inayowasha taa ya oili, nikafunga geji ya mrija mahali pake (uzi wake ni inchi 1/8, kama kwenye injini nyingi za Kijapani). Asubuhi: sindano imelala kwenye sifuri kwa sekunde nane, halafu inaruka mpaka bari 4 (bari ni kipimo cha presha) na kutulia. Ya moto, sailensa: bari 1.3. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika: karibu bari 4. Injini yenye namba hizo haifunguliwi. Presha ipo, inachelewa kufika tu.

Jaribio lililonipa jibu halihitaji hata spana. Zima injini ikiwa ya moto, ngoja saa mbili, washa: sekunde mbili, taa imezimika. Iache ilale usiku kucha: sekunde nane. Maana yake kuna mahali oili inashuka kidogokidogo kurudi chini, na pampu inapoamka inabidi ijaze kwanza mifereji mitupu. Nikaifungua filta asubuhi kabla ya kuwasha. Filta ya injini hii inalala ubavu, na ilitakiwa kutoka imejaa. Ilitoka na oili ya kulowesha kiganja.

Ndani ya filta, nyuma ya vile vitundu vidogo vilivyozunguka tundu la katikati, kuna kipande cha raba cha mviringo. Ndiyo valvu ya kuzuia oili isirudi. Oili inaingia kwa vitundu hivyo, inaisukuma raba, inapita kwenye karatasi na kutoka katikati. Injini ikizimwa, raba inalalia vitundu na kuvifunga. Niliikata filta hii (kwa kikata bati, maana msumeno unamwaga chenga za chuma unazoweza kudhani zimetoka kwenye injini). Raba imekakamaa. Ukiikunja kwa kidole haijirudishi, na upande mmoja umeinuka kiasi cha kupitisha ukucha. Raba ya kawaida nyeusi hukauka kwa joto, hilo najua, lakini baada ya mwendo mrefu. Hii haikumaliza hata nusu ya safari kati ya kubadilisha oili na kubadilisha tena! Raba ya silikoni huvumilia joto vizuri zaidi, na kwa filta inayolala ubavu au iliyofungwa mdomo chini, mimi sinunui tena nyingine.

Nimtendee haki mtengenezaji. Karatasi ilikuwa nzuri, mikunjo imepangika, gundi haijaachia, gasketi ya nje haikuvuja tone. Kwenye injini ambayo filta inaning'inia wima, mdomo juu, oili inabaki ndani hata valvu ikiwa mbovu. Kwa magari hayo nilitaka kuipa nyota tatu.

Lakini hapana. Boksi lake limeitaja injini yangu kwa jina, na mwenye kuliandika anajua filta yake inakaaje. Sekunde nane kila asubuhi ni tapeti zinazogonga bila oili, mnyororo wa taimingi unaopiga kwenye reli zake kwa sababu kikazio kinasubiri presha, na kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) iliyo juu kabisa ambayo oili huifikia mwisho. Nyota moja, na hiyo ni ya gasketi.

Aliye na dalili hizi abadilishe filta peke yake kwanza. Ukibadilisha na oili siku hiyohiyo hutajua kilichoponya. Filta mpya ikaze kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya gasketi kugusa, na hakikisha gasketi ya zamani haikubaki imenata kwenye injini. Taa ikiendelea kuchelewa, shuku oringi (pete ya raba) ya bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: ikikauka, pampu inavuta hewa. Ongeza oili lita moja juu ya alama, washa ikiwa baridi bila kukanyaga mafuta. Presha ikija haraka, oringi ndiyo mwizi. Kisha imwage ile ya ziada. Baada ya hapo angalia chujio la sampu kama lina matope, na pistoni ya valvu ya kupunguzia presha, ambayo ukiisafisha inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe. Beringi zinakuja mwisho kabisa, na zinakuja na namba za geji.

Na dukani, kabla ya kulipa, ingiza kijiti kisicho na ncha kwenye kitundu kimoja na usukume raba taratibu. Iwe laini, na ijirudishe mara moja. Nyumbani ijaze oili safi, ziba tundu la katikati kwa kizibo, ilaze ubavu juu ya karatasi kwa saa moja. Karatasi ikilowa chini ya vitundu, irudishe.

Niliyofunga sasa ina raba ya silikoni. Asubuhi ya leo taa imezimika kwa sekunde mbili, oili ileile, beringi zilezile "zilizokwisha". Ile ya zamani iko kwenye mfuko, vipande viwili, na muuzaji ataishika raba yake kwa mkono wake kabla sijarudishiwa pesa.