PT (jaribio la kupima umahiri wa maabara) ya sumukuvu (aflatoksini) kwenye mahindi, inalipa ila someni ripoti vizuri

Wadau wa maabara za nafaka, mnaouliza kama hii huduma ya PT inastahili hela yake, jibu langu ni ndiyo, tena lipieni kila raundi.

Mnachotumiwa ni kipaketi cha foili chenye unga wa mahindi uliosagwa laini ukachanganywa mpaka kila kipaketi kilingane na mwenzake, kina namba tu, kiwango hakuna anayekijua. Unapima kwa njia yako ya kila siku, iwe ELISA, stripu au HPLC, unatuma jibu kabla ya dedlaini. Ripoti ikija unajiona kwa namba ya siri ya maabara yako: z-skoo (jibu lako liko mbali kiasi gani na kiwango kilichotangazwa, juu au chini) ndani ya 2 umefaulu, kati ya 2 na 3 jikague, ikizidi 3 simamisha kazi utafute tatizo liko wapi.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapita haraka. Wigo unaotumika sana kwenye viwango vidogo hivi, yaani z-skoo ya 1, ni asilimia 22 ya kiwango, kwa hiyo z-skoo ya 2 ni asilimia 44, maana yake sampuli ikiwa na ppb 10 (sehemu 10 kwa bilioni) basi aliyejibu 6 amefaulu na aliyejibu 14 pia amefaulu, na kikomo cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu jumla ni hiyohiyo 10! Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilivyozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, na yaliporuhusiwa tena ndani ya siku chache sharti likawa cheti cha chini ya ppb 10. Lori liko Namanga, huku wamesoma 8 kule wamesoma 13, mwenye mzigo analia na maabara zote mbili zina PT safi. Kwa hiyo msiishie kwenye neno "umefaulu", chora grafu ya z-skoo zako raundi baada ya raundi, ukiona ziko upande mmoja tu wa sifuri kila mara kuna kitu, anzia kwenye stendadi (sumukuvu ya kiwango kinachojulikana ya kulinganishia) unazotumia na vyeti vyake.

Kasoro zipo. Unga umeshasagwa kwa hiyo uchukuaji wa sampuli kwenye magunia haupimwi kabisa, na makosa makubwa ya sumukuvu yanaanzia hapo maana punje chache mbovu zinatosha kuharibu jibu la gunia zima. Halafu mzigo wetu ulikwama forodha tukabaki na muda kiduchu wa kupima.

Waandaaji wa PT nawapa nyota 4. Ombeni kibali cha kuingiza mapema, na mkiweza nunueni kipaketi cha ziada, kiwango chake kikishatangazwa mnakitumia kama kontroo (sampuli ya kujikagua) ya kila wiki.