Nyumba ya kupanga Mombasa: fungua mfereji kwanza, kodi uulize baadaye

Malalamiko ya wapangaji wa Mombasa yanafanana mno. Nyumba ina vigae, ina balkoni, ina maegesho, dipoziti imeshatoka. Wiki ya pili maharagwe yamekaa jikoni saa tatu na bado magumu, chai ina ladha ya bahari, na mashati meupe yameanza kufubaa. Hakuna aliyeuliza mfereji unatoa maji gani. Idadi ya vyumba, usalama na umbali wa kwenda stejini kila mtu huviona mwenyewe, kwa hiyo hapa havina nafasi. Orodha hii imepangwa kwa maji peke yake.

Maji ya kaunti hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi, huja kwa mgao, na pengo linazibwa na visima. Tatizo la visima liko chini ya miguu yetu. Nyali, Bamburi na sehemu kubwa ya kisiwa zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sponji. Humo ndani maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Pampu ikiyashusha kwa nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda kama mita 20. Ndiyo maana kisima kilichosifiwa miaka kumi iliyopita, kabla ghorofa nne hazijachimba vyao hapo jirani, leo hakinyweki. Matundu hayo hayo hupitisha maji ya vyoo, hivyo kisima kisicho na chumvi nacho si cha kunywa bila kutibiwa.

Siku ya kuonyeshwa nyumba, beba kipande cha sabuni ya mche na chupa tupu. Jaza nusu chupa kutoka mfereji wa jikoni, kwangua sabuni kidogo ndani yake, tikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Likikatika na kuacha utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, hayo ni magumu, dalili ya kisima. Usijaribu kwa sabuni ya unga. Hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya. Anayetaka hesabu kamili anunue kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kile kinachofanana na kalamu. Chini ya miligramu 600 kwa lita maji yana ladha nzuri, yakipita 1,000 ulimi huanza kukataa. Bahari yenyewe ina kama 35,000. Kuchemsha hakutoi chumvi, hata kunaikoleza. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu.

Kisha funua kifuniko cha tangi la choo na utazame ndani, maana hapo hakuna anayesafisha kwa ajili ya mgeni. Ukoko mweupe kwenye boya, kutu ya kijani kwenye kiungo cha shaba, matundu ya shawa yaliyozibika: majibu yote umeshapata. Mfereji mpya kabisa ndani ya nyumba ya zamani ni wa kuulizia pia. Nyumba ikiwa karibu na ufuo, pima mara mbili, mara moja wakati wa bamvu maji yakiwa yamejaa. Kipimo cha mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekausha visima, kina ukweli kuliko cha Juni baada ya masika.

Nafasi ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni fleti za zamani za kisiwani, Tudor na Ganjoni, ghorofa tatu au nne bila lifti, zenye mabomba mawili hadi jikoni: mfereji mmoja wa maji ya kaunti, mmoja wa kisima. Vigae vyake vimechakaa na makabati yanalia yakifunguliwa. Lakini familia zinazogawana tangi moja ni chache, na maji matamu hayamwagwi chooni. Hakikisha ni matangi mawili kweli. Mwombe keretaka akupandishe juu uhesabu mabomba yanayoingia. Mawili yakiingia tangi moja, hiyo ni mseto, haijalishi jikoni kuna mifereji mingapi.

Ya pili ni fleti yenye tangi kubwa la chini ya ardhi linalopokea mgao na kujazwa na bauza, lori la maji, mgao ukikatika. Hapa piga hesabu mwenyewe. Familia 12, kila moja lita 250 kwa siku, ni lita 3,000. Bauza ya lita 10,000 inaisha siku ya nne. Uliza nani hulipa bauza hiyo, na jibu liandikwe kwenye mkataba. “Tunachangishana” maana yake ni kodi ya pili isiyo na risiti. Uliza pia kama jenereta huendesha pampu ya maji. Mara nyingi huwasha taa za ngazi na lifti tu, na stima ikipotea nusu siku tangi la juu linakauka.

Ya tatu ni ghorofa mpya zenye mtambo wa kuchuja chumvi. Madalali huziweka namba moja. Mtambo ni mzuri ukiwa mzima, ila vichujio vyake huziba kwa chokaa na hugharimu kubadilisha, kwa hiyo vikichoka mwenye nyumba hufungua bomba la pembeni linalopita kando ya mtambo na maisha yanaendelea. Uliza vilibadilishwa lini, kisha upime.

Ya nne ni ile ya mseto: ikubali tu kama kodi imeshuka kiasi cha kununua maji. Mitungi 6 ya lita 20 kwa siku, tuseme shilingi 20 kila mmoja, ni shilingi 3,600 kwa mwezi. Fleti ya kisima pekee, ile inayotangazwa “hatua chache kutoka baharini”, iko mwisho. Ukilazimika kuingia, badilisha shawa ya umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na elementi iliyo wazi ndani yake hupiga shoti. Nunua inayoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, na fundi aunganishe waya wa ethi. Mimi ni mtu wa shawa za Lorenzetti, bei yake na yote.

Vyumba vya nyumba za Kiswahili, Majengo au Likoni, ni vya bei rahisi, na maji ni ya mtungi. Angalau hapo hakuna anayekudanganya.

Na huo udanganyifu mwingi unaanza kwa dalali. Anatoza pesa ya kuonyesha, anakuonyesha nyumba iliyochukuliwa juzi, halafu anatoza tena kwa nyingine. Wakala halali anasajiliwa chini ya Sura ya 533 ya sheria za Kenya. Mwombe cheti kabla ya kutoa hata mia. Wengine huja na “kodi ya serikali” juu ya kodi ya nyumba. Ile asilimia 7.5 ya mapato ya kupangisha, iliyoshuka kutoka 10 tangu Januari 2024, inamhusu landilodi, si wewe. Mita ya tokeni nayo itazame: ikiwa ya kwake na si ya Kenya Power, uliza bei ya uniti moja mbele ya keretaka.

Dipoziti usiitoe siku hiyo hiyo. Akikwambia maji yamekatika leo, rudi kesho kutwa bila kumpigia simu, na chupa yako mkononi.