Tahadhari: Muuzaji wa pampu za dizeli anayewalaghai wenye magari ya zamani Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Malindi, Mambrui, Gede na Watamu. Ninawatahadharisha nyote mnaotegemea magari ya zamani ya dizeli, hasa pikapu za Toyota Hilux zenye injini za aina ya 2L na 3L, kuhusu mtu anayejitambulisha kuwa fundi na muuzaji wa pampu za kusukuma dizeli kwenye injini, zilizofanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kukarabatiwa upya) Mombasa. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri letu naye halijaisha. Ninachotaka kijulikane ni njia anayotumia, kwani namba ya simu na mtaa anaweza kuvibadilisha wakati wowote.

Pikapu yangu hubeba samaki kutoka Ngomeni hadi mjini. Kusi ya mwaka huu ilipoanza, gari likawa gumu kuwaka asubuhi. Stata ilizunguka muda mrefu bila injini kushika, lakini nikiibonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara ishirini au thelathini, mpaka iwe ngumu, gari liliwaka papo hapo. Nikiliegesha pua ikielekea juu, hali ilizidi. Nikiliegesha pua ikielekea chini, liliwaka bila taabu. Siku moja, nikiwa na shehena ya samaki na barafu, nilivuka daraja la Sabaki, gari likakohoa mara tatu kisha likazima.

Fundi yeyote wa dizeli akielezwa dalili hizo atashuku hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta kabla ya kushuku pampu. Katika injini hizi pampu yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi kupitia filta, kwa hiyo mpira wa mafuta ukipata ufa mdogo, mara nyingi hautoi mafuta nje bali huvuta hewa ndani. Mwenye gari huinama asubuhi, asione hata tone moja chini, akaamini kwamba mipira yake ni mizima. Usiku kucha mafuta yamekuwa yakirudi tangini polepole, na hurudi upesi zaidi gari likiwa limelala pua juu.

Yule muuzaji, alipolikagua gari langu, hakuniuliza lolote kati ya hayo. Alilegeza nati ya bomba moja la nozo (kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini), akainama nyuma ya pampu kwa muda mfupi, kisha akaniambia nipige stata. Bomba lilikuwa kavu kabisa. Akasema, "Pampu imekufa, mzee wangu. Umeuziwa dizeli yenye mafuta ya taa, nayo imeila pampu." Nilimwamini kwa sababu uchanganyaji huo upo, hata serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia. Ni kweli pia kwamba vyuma vya ndani ya pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa huvisaga. Lakini pampu iliyosagika haiponi kwa kubonyeza pampu ya mkono mara thelathini, na hilo ndilo nililopaswa kumwambia.

Nilimtumia shilingi 48,000 kwa simu. Risiti hakutoa. Alifunga pampu iliyopakwa rangi ya fedha, ikang'aa kama mpya, akaondoka na pampu yangu ya zamani akisema kwamba ndiyo desturi ya biashara hiyo. Kwa siku mbili gari lilikuwa zuri, kwa kuwa katika kuifunga alilazimika kutoa hewa yote kwenye mabomba. Siku ya tatu asubuhi, stata ikazunguka vilevile.

Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja, fundi wa Maweni. Alichukua jerikeni safi ya lita 5, akaijaza dizeli na kuifunga juu zaidi ya injini, akaunganisha mpira unaoonyesha ndani moja kwa moja kwenye mlango wa pampu, na mafuta ya kurudi akayaelekeza humo humo jerikenini. Gari likawaka, likafanya kazi saa nzima bila kukohoa, na tulipolizima na kuliwasha tena baada ya sala ya adhuhuri lilishika mara ya kwanza. Kwa hiyo pampu na nozo zilikuwa zikifanya kazi, na tatizo lilikuwa kati ya tangi na pampu. Kisha akarudisha njia ya kawaida ya mafuta, akauweka ule mpira baina ya filta na pampu, na humo viputo vikapita vikifuatana kama ushanga. Aliifuata mipira mmoja mmoja hadi karibu na tangi, akaukunja mmoja kwa vidole, na ufa mwembamba kama uzi ukafunguka chini ya klampu. Mpira mpya na klampu mbili vilinigharimu shilingi 450.

Nilimuuliza mbona bomba la nozo lilikuwa kavu siku ile. Akanionyesha waya mmoja juu ya pampu, unaopeleka volti 12 kwenye swichi ya sumaku inayofungua mafuta. Ukiuchomoa waya huo, mafuta hukatika, na pampu nzima huonekana imekufa. Mkono wa yule bwana ukichomoa waya wangu sikuuona, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mwenye pikapu mmoja wa Mambrui, aliyeambiwa maneno yale yale majuma matano baadaye, ana video iliyopigwa na mwanawe, na humo yule bwana anaonekana wazi akiuchomoa waya, na baada ya malipo akiurudisha.

Lililonichoma zaidi ni pampu aliyouziwa ndugu huyo kwa shilingi 52,000. Mzee fundi aliikwangua rangi ya fedha karibu na flenji (ukingo wa kuifungia pampu kwenye injini), na chini yake tukaona vitundu vitatu vya senta panchi, chuma chenye ncha cha kutia alama, vilivyopangwa mstari. Vitundu hivyo alivipiga marehemu baba yangu kwenye pampu ya gari letu. Ile "iliyokufa" ilikuwa imeoshwa, ikapakwa rangi na kuuzwa kwa mwenzangu. Yangu ya sasa sijui ilitoka kwa nani.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, dai kipimo cha jerikeni mbele ya macho yako, na uangalie mwenyewe kwamba waya ule umechomekwa wakati stata inapopigwa. Fungua kifuniko cha tangi pia. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, huenda tundu la kupumulia limeziba, na hilo pekee laweza kuzima gari njiani. Filta badilisha kwanza, ni rahisi kuliko chochote. Bomba la nozo likilegezwa usiweke kidole wala kiganja karibu, kwani mafuta huweza kutoka humo kwa shinikizo kubwa sana, na yakipenya ngozini ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama tundu linaonekana dogo. Ikithibitika kwamba pampu kweli ni mbovu, ifuate mwenyewe hadi kwenye mashine ya kupimia, nakili namba zilizo kwenye kibao chake, na ukatae pampu yoyote ambayo kibao hicho kimeng'olewa.

Mimi na ndugu wa Mambrui tumeandikisha taarifa polisi, na tunajiandaa kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Waliolipa kwa simu wasiufute ujumbe wa malipo. Na kama ulinunua pampu ya rangi ya fedha kwa mtu wa namna hii, ikwangue taratibu karibu na flenji, upige picha ya alama au namba utakayoikuta, uiweke hapa. Huenda mwenye pampu yako yumo humu, na huenda yako ndiyo iliyo kwenye gari langu.