Kliniki ya watoto ya serikali Nairobi: chanjo bure na salama, ila ulizia siku ya BCG (chanjo ya kifua kikuu)

Chanjo za watoto katika vituo vya afya vya umma hazilipishwi, na dawa ni zilezile za mpango wa taifa ambazo kliniki nyingi za kibinafsi hutumia kisha zikakutoza ada ya kuchoma. Nenda asubuhi na kijitabu cha mama na mtoto. Mtoto hupimwa uzani, nesi anapitia kijitabu, ndipo chanjo ianze. Wiki ya 6, 10 na 14 ni matone ya polio na ya rota (virusi vya kuhara) mdomoni, ile ya magonjwa matano paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Surua na rubella huchomwa miezi 9, kisha 18.

Kinachokera ni kuambiwa "rudi Alhamisi". BCG ni dawa ya unga, chupa moja huwa na dozi 20, na ikishachanganywa na maji yake haipiti saa 6, inayobaki inamwagwa. Ya surua ni vivyo hivyo, dozi 10. Ndiyo maana vituo hukusanya watoto siku moja. Kwa surua utaratibu huo haufai kabisa. Mama aliyepanda matatu mbili kutoka Njiru huenda asirudi, na surua husambaa kwa hewa. Chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Anayejifungulia hospitalini naye ahakikishe BCG imechomwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Omba uonyeshwe chupa, si utovu wa adabu. Kwenye lebo kuna kiduara chenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Rangi zikilingana, au mraba ukiwa mweusi zaidi, joto limeiharibu. Alama hiyo lakini haionyeshi dawa iliyoganda, na ile ya magonjwa matano ikiganda haina kazi tena. Kwa hiyo tazama pia karatasi iliyobandikwa kwenye friji: joto liwe limeandikwa asubuhi na jioni, kati ya nyuzi 2 na 8, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

BCG hutoa kipele mkononi wiki chache baadaye, kikapasuka na kuacha kovu. Usikikamue wala kukipaka chochote. Na kabla ya kuondoka kliniki ya miezi 9, mwambie nesi akuandikie tarehe ya miezi 18, maana hapo ndipo watoto wengi hupotea.