Pauni 8 na Miguu Miwili: Uzoefu Wangu wa Kusikiliza Okestra kwa Kusimama, Royal Albert Hall

Nilidhani okestra naijua. Utotoni Unguja, shangazi yangu alikuwa akinichukua kwenye mazoezi ya taarab Mji Mkongwe. Fidla, selo na lile besi kubwa linalopigwa kwa kusimama nimeviona kabla sijajua kusoma. Basi mfanyakazi mwenzangu hapa London aliponiambia twende Proms, nikamjibu kwa kiburi kwamba mambo hayo si mageni kwangu. Yalikuwa mageni.

Proms ni msimu wa matamasha ya muziki wa simfonia, kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba. Ulianza 1895 kwa nia ya kumfikishia mtu wa kawaida muziki huu kwa hela ndogo, na tangu 1941, baada ya ukumbi wa awali kupigwa bomu vitani, makao yake yamekuwa Royal Albert Hall. Ile nia ya mwanzo bado ipo: kuna tiketi za kusimama zinazouzwa siku ileile ya tamasha. Nililipa pauni 8. Kwa pesa hiyo hupewi kiti, unapewa sakafu, lakini sakafu yenyewe iko mbele kabisa ya jukwaa. Waliolipa mara kadhaa zaidi yangu walikuwa nyuma yangu. Ipo pia sehemu ya kusimama kule juu kabisa, karibu na kuba, na huko wengine hujilalia chini wakasikiliza wamefumba macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa viatu. Kwa kuogopa kuonekana mshamba nilivaa vipya, vya ngozi ngumu. Aliyekuwa mbele yangu alivaa kaptula na kandambili. Hakuna aliyemtazama yeye wala mimi, ila miguu yake ilifika mwisho salama.

Inua macho kabla hawajaanza. Darini kumening'inia vitu vya duara kama uyoga mkubwa. Vilitundikwa 1969 kwa sababu ukumbi ulikuwa na mwangwi mbaya, hata watu wakatania kwamba mtunzi akipigiwa kazi yake hapo ataisikia mara mbili.

Tulianza na kipande kifupi cha dakika tano hivi, kisha wakaleta piano. Hapo nikashangaa. Walipokuwa wanainua kifuniko chake, watu wa chini walipaza sauti kwa pamoja neno la mabaharia wanaovuta kamba, na wale wa kule juu wakaitikia. Kwetu ingekuwa "Harambee!" na "Hee!" Halafu kiongozi wa fidla akagusa noti moja ya piano ili wenzake wapatanishe vyombo, na watu wote wa chini wakampigia makofi kana kwamba amemaliza kazi. Utani wa wenyeji huo. Penye simfonia tupu, pasipo piano, noti ya kupatanishia hutolewa na obo, ambayo ukiitazama mdomoni ni ndugu wa damu wa zumari letu.

Kisha anaingia mwongoza okestra (nikisema kondakta mtamdhania wa daladala), na utani unakatika kama umeme.

Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia. Katika taarab, watu wanapoingia na kutafuta viti hupigwa bashraf, muziki mtupu usio na mwimbaji, nasi huongea juu yake bila haya. Mwimbaji akianza na neno likakugusa, unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza. Hapa usiku mzima ni bashraf, na maelfu ya watu hawapumui. Nilijaribu kuegemea mguu mmoja na kiatu kikalia. Nikahisi nimekohoa msikitini. Tena matamasha yote ya Proms hurushwa moja kwa moja BBC Radio 3, kwa hiyo simu yako ikilia hutaaibika ukumbini tu. Zima kabisa. Mtetemo nao unasikika.

Baada ya mapumziko ikaja Simfonia ya 9 ya mtunzi Dvořák, aliyoitunga akiishi Marekani na kupigwa mara ya kwanza New York, Desemba 1893. Ina sehemu nne. Kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi, na kanuni ya kumbi hizi ni kwamba hupigi makofi mpaka zote ziishe. Ya kwanza iliisha kwa kishindo, mikono yangu ikanitoka. Nashukuru Proms ni pahala pa wasamehevu: wachache nao walipiga, wala hakuna aliyenikodolea macho. Kisha kikaja kikohozi cha umma, maana kila mtu alikuwa ameweka akiba.

Sehemu ya pili kuna zumari lenye sauti nzito kuliko obo, linaimba peke yake juu ya fidla zilizobanwa sauti. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe kutafuta noti. Nikakumbuka sipo Unguja, nikaurudisha.

Ukiwa karibu hivyo unaona ambayo redio haikuonyeshi. Mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, hupiga noti chache tu katika hiyo sehemu ya pili, kisha basi. Matoazi hugongwa mara moja tu katika simfonia nzima, sehemu ya nne, tena kwa upole. Mwenzangu alinidokeza kabla, la sivyo yangenipita. Nilimwona mpigaji akiinuka, akasubiri, akagonga, akaketi.

Na mwisho si kishindo. Vyombo vya kupuliza vinashika sauti moja, inafifia, inafifia, mpaka hujui imekwisha au bado unaisikia kichwani. Mikono ya mwongozaji ilibaki hewani na sisi tukabaki nayo. Usipige makofi hapo. Mtazame: akishusha mikono, ndipo.

Mlangoni walisimama watu na ndoo wakichangisha kwa ajili ya wanamuziki wenye shida. Ile noti ya mfukoni ikapata pa kwenda.

Nitarudi, kwa tiketi hiyohiyo, na raba.

Usiku ule nilimpigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, waliimba nini?"

"Hawakuimba, shangazi. Bashraf tupu, mpaka mwisho."

Nikamsimulia habari ya matoazi. Akanyamaza kidogo.

"Na huyo aliyegonga mara moja," akauliza, "analipwa sawasawa na wa fidla?"