Comlink: woka wa kivinjari bila msitu wa postMessage

Woka ni skripti inayoendeshwa kwenye uzi wake, kando na uzi mkuu unaochora ukurasa, na pande hizo mbili hutumiana ujumbe kwa postMessage. Anayetegemea postMessage peke yake huishia kujitungia posta nzima: kila ujumbe upewe namba, kila jibu lirudi na namba ileile, na switch inayorefuka kila wiki. Comlink, maktaba ya GoogleChromeLabs, inakutua mzigo huo kwa takriban kilobaiti 1.1 ikishabanwa.

Isakinishe kwa npm install comlink. Ndani ya woka andika Comlink.expose(api); kwenye uzi mkuu, const api = Comlink.wrap(woka). Kuanzia hapo unaita await api.hesabu(data) kama funksheni iliyo jirani. Kosa likirushwa ndani ya woka, try/catch ya upande wako inalinasa. Kwa hilo tu ningeipendekeza.

Usisahau await, hata unaposoma namba. Bila hiyo, api.tayari ni proksi (kitu kinachosimama badala ya thamani halisi), kwa hiyo if (api.tayari) itapita daima, na konsoli haitakuambia kitu.

Wengi hukwama kwenye data kubwa. Chini ya Comlink ni postMessage ileile, na data bado inanakiliwa. Picha ya pikseli 4000 × 3000 za RGBA (baiti 4 kwa kila pikseli) ni baiti milioni 48, ilhali uzi mkuu una milisekunde 16.7 hivi kwa kila fremu kwenye skrini ya 60 Hz, kwa hiyo ukurasa utaganda. Kabidhi bafa (kumbukumbu yenyewe inayoshika data) badala ya kuinakili: api.chuja(Comlink.transfer(pikseli, [pikseli.buffer])). Kwenye orodha weka .buffer, si safu yenyewe. Ukishakabidhi, pikseli.byteLength kwako ni 0, basi woka nayo irudishe matokeo kwa Comlink.transfer.

Funksheni hainakiliki, ukiipitisha hivihivi unapata DataCloneError. Ifunge kwa Comlink.proxy(onyeshaAsilimia), ila usiiite kwa kila mstari wa data, maana kila mwito ni ujumbe wa kwenda na kurudi. Mara moja kwa kila mistari 1,000 inatosha kusogeza mstari wa maendeleo.

Upungufu unaoniudhi ni kwamba haina kikomo cha muda. Njia ya faili la woka ikiwa na kosa, au ukiita terminate() kazi ikiendelea, ahadi (Promise) yako haitimii wala haikataliwi, inaning'inia tu. Weka msikilizaji wa "error" kwenye woka, kisha zungushia miito mirefu Promise.race yenye setTimeout.