Semina ya kustaafu hapa Dodoma: nimeenda mara tatu na bado nipo kazini

Kuna watu wameniuliza ile semina ya siku moja ya kujiandaa kustaafu inayofanyika ukumbi mmoja pale Area D kama inafaa au ni kula hela za watu tu. Jina la kampuni silitaji maana nitawasema kidogo. Mi nimeenda mara tatu. Hii ya mwisho dada wa mapokezi alikuwa na baji yangu mkononi kabla sijasema jina, ananiambia shikamoo baba, karibu tena, bado hujatoka tu? Nikacheka ila iliniingia.

Kiingilio elfu 50. Imeandikwa saa mbili asubuhi, haijawahi kuanza saa mbili, saa tatu unusu ndo mtu anazunguka anatafuta waya wa projekta. Spika ni moja, ukikaa nyuma umeumia. Chai ya saa nne wanaleta chapati na supu ya kuku wa kienyeji, hapo siwadai kitu.

Sasa mtoa mada, huyu bwana kikokotoo, yani ile kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, anakijua. Anakuandikia ubaoni taratibu: tuseme wastani wa mshahara ni milioni 3 na umechangia miaka 30, yani miezi 360. Milioni 36 za mwaka mara 360 gawanya kwa 580, unapata kama milioni 22.3, hiyo ndo pensheni yako nzima ya mwaka. Sisi tuliotoka ile mifuko ya zamani ya pensheni, PSPF na LAPF, mkupuo (ile hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu) siku hizi ni asilimia 40 sio 33 tena, kwaiyo chukua asilimia 40 yake zidisha 12.5, mkononi kama milioni 111.7, halafu kila mwezi unaendelea kupokea kama milioni 1.1. Ukumbi mzima unakuwa kimya, watu wanapiga hesabu zao kwenye simu. Baadae anaingia kwenye hati fungani, yani kuikopesha serikali kwa riba, na vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na anawaonya sana kuhusu wale vijana wanaoanza kukupigia simu mkupuo ukishaingia tu, sijui wanajuaje. Hati ya miaka 25 mi nilimuuliza ina maana gani kwa mtu wa miaka 57, itaiva nikiwa na 82, akasema mzee riba inalipwa kila miezi sita, huhitaji kuisubiri iive. Sawa.

Sasa tatizo langu. Mara ya kwanza nilikuwa nimefikisha 55, umri wa kustaafu kwa hiari umefika, nikasema ngoja binti wa mwisho amalize UDOM. Kamaliza. Mara ya pili nikasema ngoja nyumba ya Ilazo iishe, imeisha na wapangaji wamo, na zabibu Hombolo zinavunwa mara mbili kwa mwaka hata kama bei yake ni ya kubembelezana. Safari hii nikanyoosha mkono nikamwambia pensheni inapigwa kwa wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri, je nikisubiri nipande daraja si itaongezeka? Akaniangalia. Akasema baba, wewe hesabu zako ziliisha tangu siku ya kwanza uliyokuja, mi nakula hela yako bure.

Watu walicheka sana.

Na kweli hela sio shida. Kuna mwenzetu alistaafu mwaka juzi, kila wiki anapanda daladala mpaka ofisini kwetu Mtumba, kwenye mji wa serikali, amevaa koti, anasema anafuatilia barua yake. Barua ilitoka zamani, mi mwenyewe niliiona. Anakuja kunywa chai na sisi, anauliza nani kahamishwa, nani kakaimu, ikifika saa saba watu wakianza kuangalia saa anaaga. Sasa mi nikimuona getini naanza kuhesabu miaka iliyobaki mpaka 60, ile ya lazima, kama mtu anayehesabu chenji mara mbili. Hilo ndo nilitaka waliongelee. Kwenye ratiba lipo, wameandika saikolojia ya mstaafu, saa moja nzima. Zote tatu limepewa dakika ishirini za mwisho kwasababu walichelewa kuanza, yule mama anayefundisha anaambiwa fupisha, anatuambia tufanye mazoezi na tunywe maji mengi, kwisha. Jamani maji tunakunywa hata ofisini.

Kwaiyo nyota nne kwa hesabu, mbili kwa mpangilio, supu nyota tano. Kama hujui kikokotoo chako nenda, wahi viti vya mbele, beba salari slipu za miaka mitatu, pale mezani wanakupigia hesabu yako mwenyewe. Wakija wawili mke na mume mnalipa elfu 80 badala ya laki, nilimwambia mama watoto tuende wote ya safari ijayo, akasema yeye haendi, kama ninachofuata ni supu ya kuku atanipikia hapahapa nyumbani.